Perege Wangu na Gunia la Laisini

Jumatatu, 3 Machi
Nimepewa bwawa! Bwawa zima la perege, nyuma ya nyumba. Mke wangu kasema nina wiki sita. Perege wasipofika urefu wa kiganja chake, bwawa anampa mdogo wake, yaani shemeji, anayefuga ng'ambo ya ukuta na kunisalimia kwa sauti ya kunihurumia. Kiganja tu? Nitampa mkono mzima.

Alhamisi, 6 Machi
Afisa uvuvi kapita. Kaeleza kwamba samaki wanahitaji asidi amino kumi, yaani vijenzi vya protini, kutoka kwenye chakula, na pumba ninazowalisha zimepungukiwa na mbili: laisini na methionini. Nichanganye unga wa dagaa, unazo zote. Dagaa! Shemeji ndiye anayelisha dagaa. Mimi si mtu wa kuiga. Nimenunua laisini ya unga, gunia zima. Methionini nimeiacha. Zote mbili kwa mpigo ni kuwadekeza.

Jumamosi, 22 Machi
Perege wako vilevile. Shemeji kachungulia juu ya ukuta, kauliza kama siku hizi nafuga dagaa. Nimemwita afisa. Kasema laisini ni matofali, methionini ni saruji: bila saruji, lundika matofali upendavyo, ukuta hupati. Mtu ana akili sana yule. Nimeongeza laisini mara tatu.

Jumapili, 13 Aprili
Siku ya kipimo. Mke wangu kamlaza kiganjani perege mkubwa kuliko wote. Mkia haukufika hata kwenye vidole. Nikamwomba akunje mkono kidogo. Kagoma. Nikasema kiganja chake kimezidi ukubwa wa kawaida. Hilo heri nisingelisema. Bwawa limekwenda! Nikabaki ukingoni na ndoo tupu. Wiki sita nimewapigia mluzi kila asubuhi wale samaki. Nimeumia, nakiri.

Jumatatu, 14 Aprili
Shemeji kaja kuniomba nimsaidie kuchanganya chakula. Mimi! Kumbe anajua bila mimi haendi popote. Kaniachia karatasi ya vipimo: pumba, soya, dagaa. Kasisitiza mara mbili nisibadilishe kitu. Nimeulizia dukani, wanasema soya ina laisini tele, methionini ndiyo haba. Basi dagaa nimewatoa wote, nimejaza soya mahali pao. Sasa shemeji atanitambua.