Ombi la Kurudishiwa Ruzuku, Pamoja na Ratiba ya Vifo vya Ukoo Wangu

Lodena Stidham,
Nyumba ya tatu baada ya kanisa,
Pawpaw Fork, Kentucky.
Jumanne, 7 Januari.

Kwa Mheshimiwa Bi. Rhonda Caudill,
Mwenyekiti, Kamati ya Rufaa za Ruzuku,
Chuo cha Jamii cha Bonde la Pawpaw.

YAH: KUTORIDHISHA KWANGU

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Nakuamkia kwa heshima, wewe pamoja na wajumbe wako wanne, nikitumaini kwamba theluji ya juzi haikuwazuia kufika ofisini, maana najua nyinyi hamkosi kazi kwa sababu ya mambo madogo.

Barua yenu niliipata siku tano kabla ya Krismasi. Inasema ruzuku yangu ya serikali imesimamishwa kwa kuwa sikufikia kiwango cha Maendeleo ya Kuridhisha ya Kitaaluma. Mume wangu Denver aliisoma kwa sauti mezani, akaikunja, akaniuliza, "Sasa mke wangu, nani hasa hajaridhika? Mimi nimeridhika." Nikamwambia anyamaze ale, hili ni suala la kiserikali.

Nina umri wa miaka arobaini na tisa na umebaki muhula mmoja niwe muuguzi. Muhula unaanza Jumatatu. Bila ruzuku siwezi kujiandikisha, na nisipojiandikisha nafasi yangu atapewa mwingine, kisha darasa jipya la uuguzi halitafunguliwa mpaka baada ya miaka miwili. Kwa hiyo nitafika mbele ya kamati yako keshokutwa Alhamisi, saa nne kamili asubuhi, kama mlivyoagiza kwa wino mwekundu: asiyefika, rufaa yake imefutwa. Kabla ya hapo mmetaka maelezo ya maandishi, nami nina malalamiko machache, ambayo nimeyapa namba ili yasipotee.

1. Sheria ya theluthi mbili. Mnasema mwanafunzi lazima amalize asilimia sitini na saba ya masomo yote aliyojiandikisha. Mimi nilijiandikisha masomo ishirini na matano nikamaliza kumi na sita, yaani asilimia sitini na nne. Nimepungukiwa somo moja tu. Haya tisa yaliyobaki sikufeli hata moja, nilijitoa. Na nilijitoa kwa ushauri wa chuo chenyewe. Bibi yangu Icy alipolala kitandani kwa mara ya mwisho, nilikwenda kwa mshauri wa masomo, Bwana Travis Napier, ambaye ana shahada mbili na kiti kinachozunguka. Akaniambia, "Dada Lodena, usijitese bure. Jitoe kabla ya tarehe ya mwisho, wastani wako hautapata hata mkwaruzo." Nikajitoa masomo manne. Denver alipoangukiwa na jiwe mgodini akavunjika mgongo, nikajitoa matatu. Mjomba Hobart alipozidiwa na kifua, mawili. Kila mara Bwana Travis alinipongeza kwa kuwahi. Na kweli, Mheshimiwa, wastani wangu hauna mkwaruzo: ni wa kuwaonesha wageni. Sasa naambiwa kila nilipojitoa somo lilihesabiwa kuwa nimelianza nikalishindwa. Huku ni kumshauri mtu asile ili asichafue sahani, kisha kumshtaki kwa kukonda. Nilipomrudia Bwana Travis alikuna shingo akasema, "Lo, dada, hiyo ya theluthi iko ofisi nyingine. Si dirisha langu."

2. Orodha ya wafu wanaokubalika. Ukurasa wa pili wa fomu unasema kamati itazingatia kifo cha mzazi, mwenzi wa ndoa, mtoto, au ndugu wa tumbo moja. Bibi hayumo. Bibi Icy alinilea tangu nikiwa na miezi saba, alinifundisha kusoma kwa kunisomesha maandishi ya magunia ya unga, na alifia mikononi mwangu wiki ya mtihani wa anatomia. Nimetazama juu ya orodha, chini yake, na nyuma ya karatasi. Hayumo. Baba yangu mzazi yumo. Huyu nimemwona mara mbili, na mara moja kati ya hizo alikuwa amekuja kuazima winchi. Kifo chake mngekipokea kwa mikono miwili. Basi, kwa nia njema ya kutii kanuni, nilimpigia simu kule Ohio nimjulie hali. Akasema, "Ee, mwanangu, leo umenikumbuka! Sijambo kabisa, hata kikohozi sina." Sina bahati, Mheshimiwa.

3. Cheti cha daktari. Mnataka daktari aandike tarehe ugonjwa ulipoanza na tarehe ulipokwisha. Mjomba Hobart ana vumbi la makaa ya mawe kwenye mapafu. Lilianza mwaka 1981. Nilimpelekea daktari fomu yenu, akaisoma, akasema, "Lodena, huu ugonjwa hauishi. Atakayekwisha ni yeye." Nikamsihi aweke tarehe yoyote tu, hata ya penseli. Mjomba mwenyewe, ambaye alikuwa amekaa pale na chupa yake ya oksijeni, akadakia, "Daktari, muwekee Ijumaa. Ijumaa sina shughuli." Daktari alikataa. Kwa hiyo kisanduku hicho nimekiacha wazi, nanyi mmenirudishia fomu kwa sababu ina kisanduku kilicho wazi.

4. Swali la nane. Hili ndilo lililoninyima usingizi. Linasema: "Eleza kwa ukamilifu ni nini kimebadilika katika maisha yako, ili hali hiyo isijirudie." Mwanzoni nilidhani ni jepesi. Niliandika: Bibi Icy amekwisha kufa, hawezi kufa tena. Mlinirudishia mkasema maelezo hayatoshi. Nimelifikiri nikaona mko sahihi. Bibi Icy hatarudia, lakini wengine bado wana nafasi. Wahenga walisema ajali haina kinga. Ila wahenga hao hawakuwa wanapokea ruzuku.

Kwa hiyo Jumapili baada ya ibada niliitisha kikao cha ukoo katika chumba kilicho chini ya kanisa, penye meza ndefu, kukiwa na maharage, mkate wa mahindi na ule mguu wa nguruwe uliobaki sikukuu. Niliwaeleza wazee wangu saba kwamba kuanzia sasa kufa na kuugua kutaruhusiwa baina ya mihula tu: katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, na zile wiki tatu za Krismasi. Walinisikiliza vizuri kuliko wanavyomsikiliza mchungaji. Mjomba Hobart alichukua Juni, akauliza, "Nikichelewa je, mtanitoza faini?" Shangazi Dessie alikataa Juni katakata. Alisema, "Mimi Juni nasindika maharage, na Julai nyanya. Nani atanifanyia? Wewe, na vitabu vyako?" Hatimaye amekubali tarehe kumi na mbili Agosti, kwa sharti kwamba mvua isinyeshe. Mzee Burl, ambaye hasikii, alitia sahihi akidhani ni mchango wa paa. Nimeambatanisha ratiba yenye sahihi saba. Ninakiri kwamba haijapigwa mhuri, kwa kuwa mwenye mhuri wetu ni Shangazi Dessie, na bado amenuna.

Lakini ukoo peke yake hautoshi, kwa kuwa niliwahi pia kukosa darasa kwa sababu ya watu ambao hata si wangu. Huku kwetu, mtu akiugua, anayejua kupima homa ndiye huitwa, na akiitwa huenda. Hakuna aliyeandika sheria hiyo. Ndiyo iliyoniharibia asilimia zangu. Naomba basi chuo kisaidiane nami kwa kuwaandikia wakazi wote wa bonde hili, na kuupelekea nakala mto, ambao mwaka juzi ulifurika wiki ya nne ya muhula bila taarifa.

5. Kuhusu uuguzi wenyewe. Nimetafakari kwa unyenyekevu nikagundua kosa langu. Mimi nilidhani kumgeuza mgonjwa asipate vidonda, kumsafisha, kumlisha kijiko kwa kijiko na kumshikilia mkono anapoogopa ni mambo yanayokaribiana na masomo ya uuguzi. Kumbe yaliyonifanya niitwe muuguzi na kijiji kizima ndiyo yaliyonifanya nisiridhishe chuoni. Nikijumlisha, muhula niliouguza sana ndio muhula niliosoma kidogo. Kwa hesabu hiyo, muuguzi bora kuliko wote ni yule ambaye hajawahi kumgusa mgonjwa, na chuo chetu kinastahili pongezi kwa kumtafuta kwa bidii hivyo.

Nimeazimia kuwa huyo. Ili msinione mtu wa maneno matupu, nimekwisha kuanza mazoezi. Tangu Jumamosi nimebandika tangazo mlangoni kwangu, kwa herufi kubwa: MUUGUZI MTARAJIWA ANAJISOMEA. UKIUMWA, TAFADHALI RUDI BAADA YA SAA KUMI. Denver ameniambia tangazo hili ni aibu, kwamba Bibi Icy angelichoma moto nami nikiwa nimeshikwa sikio. Nimemjibu Bibi Icy hayumo kwenye orodha. Siku tatu sasa hakuna aliyebisha hodi, nami nimesoma sura nne za magonjwa ya moyo bila kusumbuliwa na mwenye moyo yeyote.

Hiki ndicho kilichobadilika, Mheshimiwa. Naahidi mbele ya kamati yako kwamba kuanzia leo hakuna atakayenitoa kwenye kitabu, awe ndugu au jirani, na sitajitoa tena kwenye jambo lolote nililojiandikisha. Niruhusuni nimalize. Nautaka uuguzi huu kuliko nilivyowahi kutaka kitu, na naona aibu kuandika hivyo kwenye barua ya kiofisi, lakini ndivyo ilivyo.

Naomba kuwasilisha. Wasalimie wajumbe wote, na yule mama wa mapokezi anayepiga chafya, mwambie anywe chai ya tangawizi. Msalimie pia Bwana Travis dirishani kwake.

Mimi ambaye bado sijaridhisha,

Lodena Stidham

Nyongeza baada ya sahihi. Jumatano, saa moja asubuhi, hospitalini.

Mheshimiwa, bahasha ilikuwa imefungwa. Nimeichana ili niongeze haya. Alhamisi sitafika. Nitakapoitwa, andikeni tu kwamba sikuhudhuria.

Jana alasiri nilitoka nje kumwaga maji ya vyombo, nikamkuta mama yako, Bi. Opal, amekaa kwenye ngazi yangu ndani ya theluji, koti limefungwa mpaka shingoni. Tumekuwa majirani miaka ishirini na sita. Sikutaka kuutaja ujirani huo kwenye barua, watu wasije wakasema naomba kwa kupitia mlango wa uani. Nikamuuliza, "Mama, unafanya nini hapa?" Akasema, "Kifua kinanibana tangu mchana. Nimesoma karatasi yako, nikaona bado saa kumi haijafika. Nikasema ngoja asome, mtoto wa watu."

Alikuwa amekaa pale karibu saa nzima, midomo imekuwa ya buluu. Nilikuwa ndani, nimekaa na kitabu, hatua sita kutoka alipokuwa, nikisoma dalili zilezile.

Nilimpa aspirini atafune, Denver akaendesha gari, na wamemwahi. Moyo umepata shambulio lakini yuko hai, anaongea, na amekwisha kulalamikia uji wa hapa. Kesho saa nne watampitishia mpira mwembamba hadi kwenye mshipa wa moyo. Anaogopa. Ameniomba nimshike mkono mpaka mlangoni mwa chumba cha upasuaji, nami nimekubali kabla hajamaliza kuomba. Tangazo nimelibandua. Jibu langu la swali la nane lifuteni lote, na ratiba mnirudishie, maana wazee wameanza kugombania Julai.

Amenikataza nisikuambie. Anasema, "Usimsumbue Rhonda, ana kikao Alhamisi." Nimemkatalia. Namba yako iko kwenye simu yake, na simu ilizama kwenye theluji. Ya ofisi yako inaniambia nibonyeze moja, kisha inakata. Ndiyo maana Denver anakuletea barua hii mkononi, na gari halijazimwa, liko hapo nje. Mama yako yuko ghorofa ya pili, chumba cha mwisho kushoto. Usiku alikuwa akikuita, halafu akiamka anasema hakuita. Njoo upesi, Rhonda.