Mistari Elfu Moja Mia Nne ya "Kama"

Jumatatu, 3 Machi

Mkuu wa kitengo anastaafu Ijumaa. Kiti ni changu! Nani mwingine? Programu inayoamua mizigo ya kampuni isafirishwe vipi niliiandika mimi, kwa mikono hii hii. Kama ni mayai, weka juu. La sivyo, kama ni dawa, weka kwenye baridi. La sivyo, kama ni kioo... Mistari elfu moja mia nne, na anayeielewa ni mimi peke yangu. Siku nyingine hata mimi siielewi, lakini hilo halimhusu mtu.

Leo meneja katuletea mtaalamu mpya, dada mmoja anayeongea polepole mpaka unasinzia. Nimembatiza Bi Taratibu. Kaomba nimwonyeshe programu. Nimemwambia kwa moyo mkunjufu: kesho.

Jumanne, 4 Machi

Nimewahi kazini. Nimechomeka "kama" themanini zisizo na kazi yoyote, ili akifungua tu akimbie. Moja inauliza kama leo ni Jumanne.

Hakukimbia. Kakaa mbele ya skrini asubuhi nzima na chai yake. Kisha akaniuliza, kwa adabu zote, mzigo na Jumanne vinahusiana nini. Nikamjibu kuwa hayo ni mambo ya ndani sana, atazoea.

Jumatano, 5 Machi

Balaa! Vifaranga mia mbili wamepelekwa chumba cha baridi. Katika zile themanini kulikuwa na moja ya "chochote kinacholiwa, weka kwenye baridi", nami niliiweka juu ya ile ya vifaranga. Kompyuta ikishapata jibu la kwanza haisomi tena. Bahati mtunza stoo aliwasikia wakilia, akawatoa wote wazima, wengine ndani ya kofia yake. Kisha akanipigia simu. Aliyoyasema siyaandiki, shajara hii ina heshima zake.

Meneja kamwagiza Bi Taratibu aisafishe programu yote. Nimecheka kimoyomoyo. Atazama humo!

Alhamisi, 6 Machi

Mungu wangu. Sijui nianzie wapi.

Bi Taratibu aliniita nikaone. Akaniita kaka, wala hakunisuta. Mnyororo wangu wa "kama" haupo! Kila aina ya mzigo sasa ina faili lake dogo, na humo imeandikwa inavyobebwa. Mayai yanajijua. Dawa inajijua. Vifaranga wanajijua, jamani! Programu kuu haihoji tena. Inauambia mzigo ubebwe, basi, mzigo wenyewe unajua la kufanya. Mstari mmoja. Mmoja!

Nikauliza ikija aina mpya itakuwaje. Akasema unaongeza faili jipya, ya zamani huyagusi. Miaka sita nimekuwa nikiuambia kila mzigo wewe ni fulani, kumbe ungeachwa ungejisemea. Machozi yakanilengalenga, nikasingizia vumbi.

Ijumaa, 7 Machi

Kiti kapewa Bi Taratibu. Kimeniuma, sitadanganya. Lakini meneja alipotangaza nilipiga makofi kuliko wote, na yalitoka moyoni. Jioni mke wangu aliniuliza, baba watoto, umenyang'anywa cheo halafu unatabasamu? Nikamwambia hajauona ule mstari. Akanishika paji la uso kuangalia kama nina homa.

Jumatatu, 10 Machi

Mkuu mpya kanipa kazi: kampuni inaanza kusafirisha maua. Faili moja tu, alisema, mistari kama kumi, na ananiamini. Ananiamini! Baada ya yote yale! Nilitoka ofisini kwake naelea. Nimeapa kumwonyesha kwamba somo limeniingia hadi kwenye mifupa.

Nimefungua faili jipya, safi, jeupe. Nikalitazama kwa heshima. Kisha nikaanza: kama ni waridi jekundu, lisimame wima. La sivyo, kama ni waridi jeupe, lisimame wima pia, ila kwa upole. La sivyo, kama ni waridi ambalo halijachanua...

Nimefika mstari wa mia tatu na bado niko kwenye waridi. Atafurahi huyo!