Siku Friji ya Mama Baridi Iliponyamaza

"Tulieni! Tulieni nyote, hasa wewe mwenye mdomo usio na breki!"

Aliyepiga kelele ni Gazeti, kinyozi wa duka la jirani, ambaye hununua gazeti asubuhi kwa ajili ya wateja wake halafu analisoma mwenyewe mpaka jioni. Mwenye mdomo usio na breki ni Kipimo, fundi cherehani, mtu asiyekubali kwamba mvua imenyesha mpaka apime dimbwi kwa futi kamba yake. Tulikuwa kwenye benchi letu katika baa ya Mama Baridi, saa kumi jioni. Mimi naitwa Fundi Kesho. Natengeneza friji. Jina hilo nilipewa na Mama Baridi mwenyewe, kwa sababu mlango wa friji yake unalia kama paka aliyekanyagwa mkia, na tangu mwaka juzi namwambia nitautia mafuta kesho.

"Soma basi, umetushikia roho juu," nikamwambia Gazeti.

"Supamaketi mpya ya pale kona inatafuta mtu. Mshauri wa wateja, shelfu za bia! Aina sitini za bia. Mashindano ya kuonja ni Jumamosi saa tisa alasiri. Atakayeshinda anaanza kazi Jumatatu."

"Kuonja bia ndiyo kazi?" Kipimo akasimama. "Miaka yote hii kumbe nilikuwa kazini?"

"Wewe ulikuwa mazoezini tu."

Mama Baridi akatua bilauri kaunta kwa kishindo. "Hiyo supamaketi isitajwe humu ndani. Wanauza bia kando ya sabuni ya kufulia! Mtu anaweka kwenye toroli bia, dawa ya mende na nepi za mtoto. Hiyo ni starehe?"

"Mama, mimi nimeingia mle," Kipimo akasema.

"Umeingia?"

"Kwa uchunguzi tu! Nimesimama mbele ya zile bia saa nzima nasoma. Moja imeandikwa ina harufu ya mkate wa moto na ganda la chungwa, na mwisho wake ni mkavu."

"Mwisho mkavu ndio nini?"

"Nani ajuaye? Kwangu mimi bilauri ikikauka, bia imekwisha. Nyingine imeandikwa inapendeza ukinywa huku unatazama machweo."

"Na ukitazama ukuta?"

"Haijaandikwa. Mlinzi akanifuata, akaniuliza, mzee, unanunua au unasoma? Nikamwambia niache kwanza nimalize sura ya tatu."

Tukacheka mpaka benchi likasogea. Mmoja tu hakucheka. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha kila siku, mgongo kwenye kaunta, uso ukutani.

"Jumamosi nitakwenda," akasema.

Huyo ndiye Mzee Ulimi. Zamani alikuwa mchanganyaji rangi katika kiwanda cha rangi, mpaka kiwanda kikafungwa. Tangu hapo kazi yake ni moja, kutambua bia bila kuiona. Mama Baridi anauza aina nne tu: Radi, Ngao, Nahodha na Mbweha. Siku moja Mama alikosea akammiminia Nahodha badala ya Ngao, na mzee, hata hajainua bilauri, akasema, "Mama, hii si yangu." Baa nzima ilisimama. Watu wakaanza kuja kutoka mitaa mingine kumtazama, na wakija wanakunywa. Kwa Mama Baridi, Mzee Ulimi alikuwa tangazo linaloketi.

"Unakwenda kwao?" Mama akashika kiuno. "Usiache mbachao kwa msala upitao, mzee wangu!"

"Mama, sitaacha kuja kunywa hapa."

"Sawa, lakini Jumamosi watu watakukodolea macho," Gazeti akasema. "Tukupime kwanza."

Neno kupima likamwamsha Kipimo. Akatoa mfukoni kipande cha kitambaa cha suruali, akamfunga mzee macho mara mbili, akamzungushia futi kamba juu ya fundo. "Nikiona upenyo wa hata nusu sentimita, tunaanza upya!"

Mama akaenda kwenye friji. Mlango ukalia, *kwi!* Akamimina, akaleta. Mzee akanywa funda moja, akalamba mdomo.

"Radi."

Radi kweli. Mama akarudi. *Kwiii!*

"Ngao."

*Kwiii-kwi!*

"Nahodha."

*Kwiiiii-kwaaa!*

"Mbweha. Na imekaa ndani tangu juzi."

"Lo! Huyu si mtu, huyu ni mtambo!" Gazeti akatupa gazeti juu. Kipimo akafungua kitambaa, akakitazama kwenye mwanga wa taa kutafuta tundu, hakuliona. Mimi mwenyewe nilijivuna utadhani nimemzaa.

Ndipo nikafanya kosa. Usiku kucha niliwaza kwamba Jumatatu mzee atakuwa mtu mkubwa, wageni watafurika hapa kuuliza habari zake, na Mama ataaibika na mlango unaopiga kelele. Ijumaa asubuhi nikaja na sanduku langu la vifaa. Nikatia mafuta bawaba zote mbili, nikakaza parafujo, nikabadilisha mpira. Mlango ukafunguka kimya kama unafunguka ndotoni. Mama Baridi akaufungua na kuufunga mara saba, akanipiga begani. "Kumbe kesho hufika!"

Mchana, Mzee Ulimi akaja peke yake kufanya mazoezi ya mwisho. Akakaa, mgongo kaunta. Mama akaleta bilauri ya kwanza.

Mzee akasubiri. Akainamisha kichwa, kama anayesikiliza redio ya jirani. Akanywa. Akanywa tena.

"Ra... Radi?"

"Mzee, unanitania? Hiyo ni Mbweha!"

Ya pili akasema Nahodha, ikawa Ngao. Ya tatu akaisukuma kando. Akageuka polepole, akaitazama friji jinsi mtu anavyomtazama rafiki aliyemsaliti.

"Nani ameigusa hii friji?"

Mama akaninyooshea kidole kwa furaha. Mzee akanishika mkono, akanivuta hadi nyuma, kwenye kreti tupu.

"Fundi, umeniua."

"Mimi? Nimetia mafuta tu!"

"Mama hupanga bia zake vilevile miaka tisa sasa. Radi shelfu ya juu, hufungua mlango kidogo tu, unalia kwi. Ngao ya pili, unalia zaidi. Mbweha iko chini kabisa, lazima aufungue wote na kuinama, ndipo unalia mpaka mwisho. Mimi sijui ladha ya bia, mwanangu. Sijui ladha ya kitu chochote. Mvuke wa rangi uliniua pua, na pua ikaondoka na ulimi. Chai, uji, bia, kwangu yote ni maji, mengine ya moto, mengine ya baridi."

Nilitaka kucheka. Nikaona macho yake, kicheko kikarudi tumboni.

"Na ile ya 'imekaa tangu juzi'?"

"Hiyo niliongeza chumvi."

"Mzee, usiende. Tutasema unaumwa."

Akakaa juu ya kreti. "Unajua mke wangu ananiitaje? Kabati. Anafagia, anasema, 'Kabati, inua miguu.' Hana ubaya, ananitania tu, lakini anasema kweli. Nilipokuwa kiwandani, kila asubuhi alisimama mlangoni kuniuliza, 'Unarudi saa ngapi?' Siku hizi haulizi. Kwani natoka niende wapi? Jana nilimwambia habari ya Jumamosi. Leo nimeamka nikakuta shati langu limepigwa pasi, siku moja kabla. Nitamwambiaje?"

Nilijisikia vibaya sana. Nikajitolea kuukwaruza mlango upya, akasema haisaidii, mashindano hayafanyiki kwa Mama Baridi.

Jumamosi tulifunga kijiwe, tukaenda wote. Hata Mama Baridi alikuja, amejitanda khanga usoni asijulikane. Lakini alipopita kwenye bia alisema "Bei gani hii, wezi!" kwa sauti, na kila mtu akamjua.

Walikuwa wameweka meza ndefu kati ya shelfu za bia na shelfu za chakula cha paka. Nyuma ya pazia kuna mtu anamimina. Mbele kila mshindani anapewa vikombe sita vya karatasi, vimeandikwa namba. Hakuna mlango, hakuna kizibo, hakuna hatua za mtu. Nikamtazama mzee. Shati lake lilikuwa na mistari ya pasi iliyonyooka kabisa. Mkewe alisimama karibu na mizani ya mboga, mikono kifuani.

Mshindani wa kwanza alikuwa kijana mwenye skafu, licha ya joto lote lile. Akazungusha kikombe, akakinusa, akafumba macho.

"Namba moja, nahisi asali. Namba mbili, moshi wa kuni zilizolowa. Namba tatu ni bia yenye huzuni. Namba nne..."

"Ina msiba?" Kipimo akauliza.

"Shhh!"

"...namba nne ina ujana, namba tano ni ya mlimani, namba sita imelazwa kwenye pipa la mbao."

Watu wakapiga makofi. Wa pili alikuwa bwana mnene mwenye daftari. Yeye alisikia ganda la limau, karafuu, na katika namba tano akasikia ngozi ya kiti cha gari jipya. Makofi tena. Mama Baridi akaninong'oneza, "Mimi kwangu wakisikia kiti cha gari, nawarudishia hela."

Zamu ya Mzee Ulimi ikafika.

"Onyesha mambo, baba!" Gazeti akapiga kelele.

"Huyu hupima kwa milimita!" Kipimo akawaambia watu asiowajua.

Mzee akanywa namba moja. Akanywa namba mbili. Akanywa zote sita, akaweka kila kikombe mahali pake. Nilimwona anatazama upande wa mizani ya mboga. Mkewe hakupepesa. Mimi nilifumba macho. Nilijua sasa atabahatisha, na njia ya mwongo ni fupi.

"Mabwana na mabibi," akasema. "Ningeweza kusema asali na karafuu. Maneno ninayo. Lakini nimevaa shati lililopigwa pasi na mtu anayeniamini, siwezi kusimama ndani yake nikadanganya. Mimi hizi zote naziona ni moja."

Supamaketi nzima ikaangua kicheko. Kijana wa skafu akacheka mpaka skafu ikafunguka. Kipimo akajificha nyuma ya Gazeti, Gazeti akajificha nyuma ya gazeti. Mzee akashusha kichwa.

Meneja, mama mmoja mfupi mwenye miwani, hakucheka. Akaenda akavuta pazia. Nyuma yake palikuwa na kreti moja, bia ya aina moja, ile ya bei ya chini kuliko zote dukani.

"Zote ni moja," akasema. "Nina wauzaji wengi wa asali na moshi. Nilitaka mtu mmoja ambaye mteja akimuuliza, hatamdanganya. Mzee, Jumatatu saa mbili asubuhi."

Hapo ndipo palipotokea vurugu. Kipimo alimwinua mzee juu, akagonga shelfu, makopo ya chakula cha paka yakamwagika. "Nilisema! Nilisema mimi! Milimita!" Mama Baridi alisahau kwamba amejificha, akapiga vigelegele. Mke wa mzee alisogea taratibu, akamnyoosha ukosi.

"Jumatatu," akamwambia, "unarudi saa ngapi?"

Mzee akamwomba aulize tena.

Jumapili tulikutana kwa Mama Baridi kusherehekea, na raundi ya kwanza Mama akaitoa bure. Watu wakiwa katika kelele, mzee akaniita kando.

"Fundi, nina shida. Aina sitini! Na mteja atataka nimwonjeshe. Zile friji za kule milango yake haitoi hata pumzi."

"Sasa?"

"Njoo kesho Jumatatu mapema na sanduku lako. Punguza mafuta kwenye bawaba. Ya kwanza iseme kwi, ya pili kwiii. Usizifananishe."

"Mzee! Si jana tu umesema huwezi kudanganya?"

"Shati lile liko kwenye maji, linafuliwa."

Kabla sijamjibu, Mama Baridi akasimama katikati yetu, mikono kiunoni. Masikio yake ni makali kuliko ulimi wa mtu yeyote.

"Fundi Kesho, hutatoka hapa kwenda kulegeza milango ya watu. Utaanza na wangu. Nirudishie kelele zangu, leo hii, si kesho!"

"Mama, miaka miwili unanilaumu kwa ajili ya kelele!"

"Sikujua faida yake. Tangu Ijumaa mlango uliponyamaza, nimepungukiwa Ngao tatu na Mbweha mbili, na hapa kaunta hakuna aliyesimama ila mtu mmoja, anasema anapima urefu wa friji aishonee pazia."

Sote tukageuka kumtazama Kipimo. Alikuwa ameshika futi kamba mkono mmoja, bilauri mkono wa pili, na povu limemtanda kwenye masharubu.

Mzee Ulimi akamsogelea, akamnusa masharubu, akafumba macho kama yule kijana wa skafu.

"Mbweha," akasema. "Na mwisho wake utakuwa mkavu."

Kipimo akakumbuka ghafla kwamba kuna bwana harusi anasubiri suruali.