Maandalizi ya Siku ya Kuwapumzisha Watoto

Itangazwe kwa wakulima wote, wenye ekari moja na wenye ekari mia: kazi za watoto mashambani zimefikia tamati. Zitakoma rasmi Jumatano ya wiki ya tatu, saa nne asubuhi, uwanja wa shule, mgeni rasmi akishawasili.

Mratibu wa Mapambano dhidi ya Ajira ya Watoto aliliandika tangazo hilo na kulisoma mwenyewe kwa kipaza sauti, amesimama juu ya gari la ofisi. Alikuwa mtu wa suti ya kijivu na mihuri minne, na mchezo hakuujua. Kanuni ya Nne aliitunga yeye: atakayemfanyisha mtoto kazi saa za masomo ataimaliza kazi hiyo kwa mikono yake, papo hapo, mtoto akimtazama. Wa kwanza kuionja alikuwa mkulima wa vitunguu. Aling'oa robo ekari peke yake, mwanawe amekaa kivulini akimwambia, "Baba, umeruka kimoja."

Sasa makao makuu yalitafuta mkurugenzi, na mwenye kuteua ndiye huyo huyo mgeni rasmi. Mratibu alikitaka kile kiti mpaka usingizi ukampotea. Siku ile ilikuwa lazima ifane, na uwanja wenyewe ulikuwa msitu.

"Vibarua sina," alimwambia mwalimu mkuu. "Lakini wewe una nguvu kazi mia mbili na arobaini."

"Hao ni wanafunzi, Mheshimiwa. Darasa la saba wana mtihani mwezi ujao."

"Sikusema wafanye kazi, Mwalimu. Washirikishwe."

Basi wakashirikishwa. Darasa la tano walishirikishwa kufyeka, la sita na la saba, kwa zamu, kubeba mawe ya jukwaa. Wadogo walishirikishwa kuchota maji ya kumwagilia maua ambayo juzi hayakuwepo. Nyuma ya jukwaa nyasi ziliachwa, maana mgeni hatapaona. Mratibu alisimama kando na kikombe cha chai, moyo umemjaa. Hivi yupo kweli, alijiuliza, anayewapenda watoto hawa kama mimi?

Ikabaki ripoti. Karani alikuwa likizo, na mwandiko wa Mratibu hata mwenyewe ulimshinda kuusoma. Akaletewa binti wa fundi baiskeli, wa darasa la saba, ambaye wenzake walimwita Kalamu.

"Kaa hapa ofisini, binti yangu. Kila mtoto aliyekutwa akifanya kazi saa za masomo, andika umri, kazi, na anayemfanyisha. Mgeni rasmi anapenda takwimu."

"Kila mtoto, Mheshimiwa?"

"Usibakize hata mmoja. Wakulima hawa ni wajanja, wasikupige chenga."

"Na darasani nitarudi lini? Wenzangu wanaanza kurudia hesabu za sehemu."

"Fomu zikiisha."

Kalamu akachungulia uwanjani kupitia dirishani, akashusha pumzi, akaanza kuandika. Aliandika siku tisa. Mratibu aliliona rundo linavyokua akawahurumia wakulima. Hakusoma hata ukurasa mmoja. Aligonga mihuri, yote minne.

Jumatano mgeni rasmi akafika, mama wa miwani na sauti ya kukoromea. Akaketi jukwaani, mtoto wa darasa la tatu akamshikia mwavuli. Akaifungua ripoti.

"Watoto waliokutwa wakifanya kazi: mia mbili na arobaini." Makofi. Mratibu akainamisha kichwa kwa unyenyekevu. "Mahali: uwanja wa shule. Kazi: kufyeka, kubeba mawe, kumwagilia maua. Anayewafanyisha..." Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mratibu."

Akafungua fomu ya mwisho.

"Umri: miaka kumi na miwili. Kazi: kuandika ripoti hii. Maelezo mengine: sehemu zimenipita zote."

"Mheshimiwa, huo ulikuwa ushirikishwaji," alisema Mratibu, jasho likimtiririka.

"Mihuri hii ya nani?"

"Yangu."

"Na Kanuni ya Nne?"

"Hiyo nayo... yangu."

Mgeni rasmi akageuka, akaziona nyasi za nyuma ya jukwaa. Mratibu akavua koti. Mkulima wa vitunguu akamletea fyekeo, tena kwa huruma ya kweli.

"Inama kidogo, Mheshimiwa. Na usikimbilie, utakesha na mgongo."

Watoto wakakaa kivulini. "Umeruka hapo," mmoja akamwelekeza.

Mgeni rasmi alicheka mpaka machozi. Kalamu akapanda jukwaani na fomu mpya.

"Shikamoo, mama. Huyu anayekushikia mwavuli ni wa darasa la tatu, na sasa ni saa tano. Kwenye anayemfanyisha nikuandikeje?"

Kicheko kikamkauka. Akamtazama Mratibu na fyekeo lake, akainuka, akaupokea mwavuli. Yule mtoto akaketi kwenye kiti cha mgeni rasmi, miguu ikining'inia, akafunikwa kivuli vizuri.

Kengele ikalia. Watoto wote wakakimbilia madarasani.

"Mwalimu, sehemu mmefika wapi?" Kalamu aliuliza mlangoni.

"Tumekusubiri. Ingia, tunaanza upya, na nusu."

Uwanjani Mratibu aliendelea kufyeka. Mgeni rasmi naye alisimama wima, amekifunika kiti kitupu kwa mwavuli, kwa kuwa Kanuni ya Nne haikusema kazi ya mwavuli inaisha lini.