Malalamiko Kuhusu Mashine ya Kukaushia Nguo za Mama Cyusa

Sibomana Zuberi,
Fundi Cherehani,
Nyamirambo, Kigali.
9 Novemba

Kwako Ndugu Cyusa,
Nairobi.

YAH: MASHINE ULIYOMNUNULIA MAMA YAKO

Assalaam aleikum. Naanza na salamu, kwa sababu nikianza na malalamiko utasema wazee wa Nyamirambo tumepoteza adabu. Sisi huku ni wazima. Mama yako ni mzima, anakusalimu, na hajui kwamba nakuandikia.

Naandika kwa karatasi kwa sababu kila ninachokutumia kwenye simu wewe humtumia mama yako, tena ukiongeza vile vikaragosi vya kucheka. Barua hii ataileta Geoffrey, dereva wa basi, akisafiri Jumatano. Ukishaisoma usiipige picha.

Utakumbuka mwezi uliopita ulinipigia ukaniomba, mimi kama mtu mzima na jirani wa ua mmoja, nikuchagulie mashine ya kukaushia nguo isiyokula umeme. Nilikwenda madukani Remera siku mbili mfululizo. Binti wa dukani aitwaye Pretty alinionyesha aina tatu. Ya kwanza hupasha hewa moto kisha huitupa nje kwa bomba, sawa na mtu anayepasha nyumba joto huku mlango uko wazi. Ya pili hukusanya maji kwenye tangi lake, lakini joto bado linapotea. Ya tatu ina pampu ya joto: hewa ile ile huzungushwa tena na tena, umeme unapungua hata zaidi ya nusu, na kuna kipimo cha unyevu kinachoizima nguo zikishakauka. Kasoro yake ni kwamba ni ya polepole, saa tatu nzima kwa mzigo mmoja. Nilikushauri uchukue hiyo ya tatu, ya kilo saba. Ushauri wangu ulikuwa sahihi na siufuti. Ninachoomba kifutwe ni mashine yenyewe.

Inatarajiwa kufika Jumamosi. Naomba uizuie kwa sababu zifuatazo, ambazo zote ni za upande wa umeme.

1. Jua. Kamba yetu imefungwa kutoka nondo za dirisha langu hadi nguzo ya jiko la mama yako, na tangu niifunge haijatumia umeme wowote. Mashine zile zina vibandiko vyenye herufi za ulaji wa umeme, na iliyo bora kabisa inapewa A. Nilimuuliza Pretty jua lina herufi gani. Akaenda kumhudumia mteja mwingine.

2. Mvua. Utasema huu ni Novemba, nguo zitakaukaje. Cyusa, wewe umekulia kwenye ua huu na unajua utaratibu wake: wingu likija, aliye karibu anaanua nguo za wote. Cherehani yangu iko mlangoni, kwa hiyo aliye karibu ni mimi. Hata mama yako akiwa nyumbani huniita kutoka dirishani, "Fundi, mvua iko inakuja," kwa sababu goti lake linamsumbua. Linamsumbua akiwa hapa uani tu. Akienda sokoni Nyamirambo hutembea vizuri, namshukuru Mungu. Basi mimi huacha pindo la mtu katikati, nikaanua, nikakunja, nikampelekea hadi mlangoni. Na ieleweke kwamba zile nguo zisizofaa kuonekana na jirani yeye huzianika ndani. Sijawahi kuziona na sijawahi kuziulizia.

Nakiri kwamba mama yako ana tabia moja nisiyoielewa. Siku ya jua kali kamba yake huwa tupu. Mawingu yakishafunika Mlima Kigali, ndipo anatoka na beseni. Nimemweleza kwa upole zaidi ya mara moja. Ananisikiliza, anaitikia kwa kichwa, na wiki inayofuata anafanya vile vile. Mwanamke aliyesoma kwa masista miaka sita, anayesoma Kifaransa vizuri kuliko mimi, lakini anga limemshinda.

3. Chai. Kila nikimpelekea nguo zilizoanuliwa hunipa chai ya tangawizi na mandazi mawili. Wewe ni mtu wa hesabu, kwa hiyo utasema mashine ikija chai itakoma, na gesi ya jikoni itapona. Hesabu hiyo ina kasoro. Chai hiyo itabidi niipike mimi, kwenye jiko langu, na mimi ni mjane wa miaka tisa, sijui kupika chai ya mtu mmoja. Hupika birika zima na kumwaga nusu. Kwa hiyo mashine yako itaongeza matumizi ya nishati katika nyumba ya pili ambayo haikuomba mashine.

4. Vifungo. Ninapokunja nguo za mama yako huona kifungo kilicholegea, mshono ulioachia, pindo linalotaka kushuka, na huvirekebisha kabla sijazirudisha. Mashine ya pampu ya joto haioni kifungo. Mwaka huu pekee nimeshona upya mikono ya gauni lake la kitenge cha bluu mara nne. Ni kweli kwamba mara ya tatu na ya nne mishono haikuwa imeachia, ilikuwa imekatwa kwa mkasi, na bado nachunguza ni nani mwenye chuki na gauni lile.

5. Afya yangu. Daktari aliniambia nifanye mazoezi. Mazoezi yangu ni kukimbilia kamba. Oktoba, siku ya umuganda, tulikuwa tunazibua mfereji pamoja na mtaa mzima nikahisi tone moja la mvua kwenye shavu. Niliacha jembe nikakimbia kupanda kilima chote. Mkuu wa mudugudu, msimamizi wa mtaa wetu, aliandika jina langu kwamba nimetoroka kazi ya taifa. Sikukata rufaa. Mashuka manne ya mama yako yalikuwa makavu.

6. Hili naliandika bila mzaha. Mei mwaka huu, siku ya Jumanne, kamba ya mama yako ilikuwa tupu mpaka saa sita mchana, na mawingu yalikuwepo. Yeye hufua Jumanne. Nilishona dakika kumi, nikaharibu kola, nikaacha. Nilibisha mlango, hakujibu. Nilipoingia nilimkuta sakafuni karibu na kitanda, anatetemeka, malaria imemzidi hata jina langu hakulijua. Nilimpeleka kituo cha afya kwa teksi nikiwa bado na futi ya kupimia shingoni. Wewe uliambiwa ni mafua, kwa sababu alinikataza kukusumbua.

Niliogopa, Cyusa. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa tangu nimzike mke wangu. Sasa niambie: nguo zikikaukia ndani ya sanduku jeupe, ndani ya chumba, nyuma ya pazia, mimi nitajuaje kama mama yako ameamka? Pretty alinitajia vitufe vyote vya mashine ile. Hakuna kitufe cha hilo.

7. Taifa. Nimefikiria pia mambo yatakavyokuwa mbele. Kila mjane wa Nyamirambo akipewa mashine na mwanawe aliye mbali, kamba zitakatwa, nyua zitanyamaza, mafundi cherehani watakaa ndani na kunenepa, na zahanati zitajaa. Umeme utakaotumika kuwatibu mafundi hao utazidi ule uliookolewa na pampu ya joto. Sijaona mtu yeyote Remera aliyepiga hesabu hiyo.

Baada ya kueleza hayo, naleta maombi yangu kwa ngazi, ili usiseme mimi ni mtu mgumu.

Kwanza, mashine irudishwe dukani. Hilo likishindikana, iwekwe uani, chini ya kamba, nami nitaijengea kibanda kwa mabati yangu. Hilo nalo likishindikana, iwekwe nyumbani kwangu na itumie mita yangu ya umeme. Mama yako atakuwa anavuka ua na beseni lake. Na kama utaona si heshima mama yako kuvuka ua kila mara akifuata mashine iliyo kwa mwanamume asiye ndugu, nakubaliana nawe kabisa. Basi itafutwe njia ya halali, mbele ya watu, ya kuifanya mashine na mwenye mashine vikae nyumba moja. Nasema hivi kwa kuangalia umeme tu, kwa kuwa nyumba moja hutumia taa chache kuliko nyumba mbili.

Nisalimie mkeo na watoto. Nisalimie pia wale vijana wa Nyamirambo unaokutana nao Ijumaa msikitini huko, na mwambie yule aliyeniachia suruali tangu mwaka juzi kwamba kiuno chake bado nimekihifadhi. Marehemu baba yako alikuwa rafiki yangu, nilimshonea kanzu yake ya arusi, na sijaandika neno hapa ambalo ningeshindwa kulisema mbele yake.

Nabaki kuwa jirani yenu wa upande wa pili wa kamba,

Sibomana Zuberi

Nyongeza, Jumapili 15 Novemba: Basi la Geoffrey liliharibika, ndiyo maana barua hii bado ninayo. Mashine ilifika jana. Naomba usiirudishe. Puuza namba 1 mpaka namba 7.

Mama yako aliniita asubuhi ile ile nimsaidie kuiwasha. Aliijaza gauni moja na taulo mbili, nami nikataka kurudi kwenye cherehani. Akashika kile kijitabu cha maelekezo, akavaa miwani, akasema, "Fundi, hii mashine haiwezi kubaki yenyewe. Kitabu inasema inabaki na watu wawili mpaka imalize." Tulikaa saa tatu. Alipika chai mara mbili. Leo amesema kuna mzigo mwingine, na kesho pia, ingawa sijui nguo anazitoa wapi.

Usithubutu kumletea ile ya haraka. Ukipata likizo njoo, na uwaombe wajomba zako wawepo, nina neno ambalo si la kuandikwa.

Alipokwenda jikoni nilikichukua kijitabu nikakisoma chote, Kifaransa na Kiingereza. Hakisemi hivyo popote. Nilikirudisha mezani pale pale alipokuwa amekiacha.