Malalamiko Dhidi ya Wapimaji wa Mshipa Wangu

Kwa Bwana Mkurugenzi wa Hospitali,
Duluth, Minnesota.

Pokea salamu za mgonjwa wako Marit Tollefson, mjamzito wa miezi minane. Nina ugonjwa wa Marfan: nyuzi zinazoushikilia mwili wangu ni legevu, na mshipa mkuu utokao moyoni waweza kuchanika nikiwa na mimba. Ndivyo alivyokufa mama yangu, wiki aliyonizaa. Kwa heshima zote, nalalamika.

Kwanza, Daktari Deshpande ananipima mshipa huo kila mwezi. Nilimwambia, "Daktari, tangu Septemba haujabadilika." Akajibu, "Vizuri. Hebu tuhakikishe." Haniamini.

Pili, amenikataza kubeba vitu vizito. Mume wangu Duane amelipokea agizo hilo kama askari. Siku ya Shukrani, kwenye karamu ya familia, alininyang'anya sahani mbele ya wakwe zangu wote. "Lete hapa, mama kijacho." Ilikuwa na viazi viwili.

Tatu, watu kumi na mmoja wamefanya kikao juu ya uzazi wangu: wa moyo, wa uzazi, wa dawa za usingizi, na wengine nisiowajua. Wameamua nisisukume, mtoto atavutwa kwa chombo. Yaani hata kazi yangu mwenyewe wamenipokonya.

Nne, na hili ndilo zito, wananieleza kila kitu. Daktari wangu wa zamani hakuwa na tabia hiyo. Aliutazama urefu wangu na vidole vyangu virefu, dalili zenyewe za ugonjwa huu, akacheka: "Wewe ni mrefu tu, dada. Kacheze mpira wa kikapu." Nilirudi nyumbani nikalala fofofo. Baba anasema mama naye aliambiwa vivyo hivyo, akalala vizuri sana.

Kwa hiyo naomba unipatie daktari asiyejua lolote kuhusu ugonjwa huu. Akikosekana, hao kumi na mmoja waamriwe kusahau.

Wasalimie wauguzi wa ghorofa ya nne, na yule mzee wa mapokezi anayenifungulia mlango bila kuombwa.

Wako katika unyenyekevu na uchovu,
Marit Tollefson

Nyongeza: Barua hii sikuituma siku ile; naituma leo. Jumanne, katika kipimo cha mwezi, mshipa ulikutwa umetanuka milimita tano. Hawakuniruhusu hata kurudi kuchukua koti kwenye gari. Walinipasua wakamtoa binti, kisha wakaukata mshipa mbovu na kuweka wa bandia. Tafadhali usimhamishe hata mmoja wao. Binti naye atapimwa Ijumaa. Miadi nimeiomba mwenyewe, nikaulizia kama Alhamisi kuna nafasi.