Lakini Haiandikwi

Kwa heshima na taadhima, nilitangaza mbele ya halaiki kwamba katika hospitali zote za Mtandao wa Afya Yenye Thamani, kuanzia Gachoka hadi Kanyakine, ugonjwa umekwisha. Kazi hiyo ilifanywa na ofisi yangu bila kidonge hata kimoja kuongezwa.

Zamani hospitali zetu zililipwa kwa wingi wa kazi. Ukidungwa sindano, inahesabiwa. Ukipigwa picha, inahesabiwa. Mtu aliingia na kikohozi akatoka amepigwa picha hadi ya kisigino. Tukasema basi. Sasa hospitali italipwa kwa thamani, yaani kwa jinsi mgonjwa anavyoendelea. Kamati Tekelezi ya Tathmini, ambayo mwenyekiti wake ni mimi, Kaburu, ilikaa hotelini juma zima, ikala mbuzi wa kutosha, ikabuni kipimo kisicho na gharama. Mgonjwa ataulizwa: habari yako?

Matokeo yalitushangaza hata sisi. Watu wa huku mlimani wamelelewa. Msalimie mtu ambaye ng'ombe wake amekufa asubuhi na paa lake limeng'olewa na upepo, atakujibu nzuri. Atakuuliza habari za watoto na za mvua, ndipo aanze na lakini. Hiyo lakini ndiyo iliyokuwa inatuharibia takwimu. Nikatoa agizo kwamba jibu la kwanza ndilo jibu, na kuanzia kwenye lakini hakuna kitakachoandikwa.

Wenye kunung'unika hawakosi. Mama mmoja wa Kanja, Felicitas, alianguka akichuma chai, goti likavimba kama boga. Sista Kajuju, muuguzi wa zamu, alipomuuliza habari, alijibu, "Niko mzuri, mwanangu. Mnaendeleaje hapa? Lakini hili goti..." Akaandikwa amepona, akaruhusiwa kwenda nyumbani. Kila aliporudi alijibu kwa adabu ileile, na kila aliporudi tulimhesabu upya kuwa amepona. Mgonjwa mmoja, mafanikio tele. Kajuju alinijia ofisini akasema mama huyo atapoteza mguu. Nilimweleza kwa upole kwamba mguu si kiashiria.

Kisha ikaja siku ya ofisi yangu kutuzwa. Wageni walikuwa wamefika kutoka makao makuu, kwaya imevaa sare, nami niko katikati ya hotuba, tumbo likanishika upande wa kulia hadi nikapiga magoti. Kwaya ilidhani ni maombi, ikaanza kuimba. Nilibebwa hobelahobela mpaka kwa Kajuju, wageni nyuma yangu na kalamu zao.

"Habari yako, bosi?" akauliza.

"Nzuri," nikasema. Ningefanyaje? Mamangu alinifunza neno hilo kwa kunichapa mwiko. "Lakini tumbo..."

Kajuju alikuwa ameshaweka kalamu chini.

"Lakini hatuandikangi, bosi. Ni wewe ulisema."

Nilimwambia hii ni dharura. Nilimwambia aliyetoa agizo ni mimi na naweza kulitangua papo hapo. Kajuju akaguswa, nikaona mkono wake unairudia kalamu, lakini mgeni mkuu akamwahi. Akasema hajawahi kuona mfumo usio na upendeleo kiasi hiki, akanipa pongezi kwa kupona haraka. Wakapiga makofi. Nikatolewa nje kwa heshima zote.

Kwenye benchi la nje alikuwa ameketi Mama Felicitas, mguu ameunyoosha juu ya kiondo. Nikajitupa kando yake, jasho linanitiririka. Niliogopa kufa, na sioni haya kulisema.

"Habari yako, mwanangu?" akaniuliza.

"Nzuri," nikasema.

Hakugeuka. Aliuvuta mguu wake mbovu taratibu ili nipate nafasi, akaniegemeza begani mwake, akangoja.

"Lakini?" akasema.

Nikaangua kilio.